Maini ya Kuagana

Mbwa alirudishwa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe kwa mara ya tatu, siku ya mvua, kwenye buti la gari. Mwalimu aliyekuwa amemchukua hakushuka. Alishusha kioo kidogo tu, kiasi cha kupitisha maneno bila kuingiza maji, akasema:

"Hataki kula. Tumempa nyama, tumempa maziwa, tumempa hata kuku wa wageni. Anatukodolea macho tu. Watoto wanalia, mama yao analia. Mimi nilitaka mbwa, dada yangu, sikutaka msiba."

Mama Mifupa angeanza kumjibu asingemaliza mapema, na mbwa alikuwa bado ndani ya buti. Alilifungua mwenyewe. Mbwa akateremka polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mzee anayeshuka ngazi asizoziamini. Mbavu zilimtoka. Hakutikisa mkia, hakumnusa mtu. Alivuka ua moja kwa moja hadi kwenye banda lake la zamani, akasimama mbele ya wavu. Ndani mlikuwa na mbwa mwingine tayari. Basi akabaki pale kwenye mvua, kama mpangaji aliyerudi safarini akakuta kitasa kimebadilishwa.

"Karibu nyumbani, Karani," Mama Mifupa alisema.

Karani lilikuwa jina alilopewa hapo kituoni, kwa ule mtindo wake wa kukaa wima na kukutazama kuanzia viatu hadi utosini, bila haraka, kana kwamba umemletea karatasi zenye kasoro. Mama Mifupa naye hakuzaliwa na jina lake. Wauza nyama ndio waliompa, kwa kuwa kila asubuhi alipita kwao na ndoo kuwaombea mbwa wa kituo mifupa. Walimtania, akawatania, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfunga mdomo.

Siku hiyo alimpa Karani banda la pembeni. Aliingia naye, akavuta komeo kwa ndani, maana mlango ule haukutulia bila komeo, akamwekea bakuli. Karani alilitazama komeo kwanza. Halafu akageuka, akaegemeza makalio yake kwenye mlango wa wavu, uzito wake wote, ndipo akainamisha kichwa. Alikula mpaka bakuli likawa linateleza sakafuni.

Ndivyo alivyokula siku zote. "Karani kafunga ofisi," wafanyakazi walizoea kusema wakimwona amebana mlango hivyo, na kila mara walicheka.

Msimamizi wa kituo alikuwa amesimama nje ya wavu na mwavuli wake. Hakucheka. Alikuwa mtu mpole aliyepewa kazi isiyo na upole.

"Huyo ndiye asiyekula?" aliuliza.

"Kwetu anakula."

"Kwetu si kwa kuishi, Mama Mifupa. Angalia mabanda. Wamelala wawili wawili mahali pa mmoja, na lango linagongwa kila siku. Daktari amempima meno, amempima tumbo, amechukua damu. Hana ugonjwa. Ila akipelekwa kwa watu anajiua kwa njaa."

"Nitampata mtu."

"Mpate. Lakini akirudi tena katika hali hii, sitamtafutia nyumba nyingine. Daktari atamchoma sindano alale moja kwa moja." Aliona uso wa Mama Mifupa ukibadilika, akaongeza haraka, "Sipendi. Usinitazame hivyo. Kufa njaa kwenye ua wa mtu, ukitazamwa na watoto, kunamfaa zaidi?"

Mama Mifupa alikaa chini kwenye saruji yenye maji, karibu na yule mbwa, akamkausha masikio kwa upindo wa kanga yake. Kumchukua yeye mwenyewe alishawaza, tena si mara moja. Alipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya watu wengi, na mwenye nyumba alipoulizwa kuhusu mbwa alijibu, "Mbwa? Wewe mwenyewe nakuvumilia tu."

Walicheka pamoja siku ile. Kisha Mama Mifupa akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na hakucheka tena.

* * *

Dereva alikuja baada ya mvua kukatika. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote mpaka mgongo ukagoma, na sasa alikuwa amekaa nyumbani, mwili mkubwa usio na pa kwenda. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayezungumza juu ya injini. Alikuja na binti yake, msusi, ambaye alitangulia kuyakagua mabanda yote na kuyatolea hukumu.

"Huyu ana kiroboto. Huyu ana kiburi. Baba, huyu hapa mdogo anafaa, halafu hatakula sana."

Dereva hakumsikiliza. Alikuwa amefika banda la pembeni, akasimama. Ndani, Karani alikuwa amekaa wima akimpima kuanzia viatu.

"Loo!" Dereva alisema. "Huyu ananitazama kama askari wa mizani. Afande, sijazidisha mzigo. Nikague."

Karani akaendelea kumkagua. Dereva akacheka, na kicheko kikaishia kikohozi, na alipoinama kukohoa mbwa akasogea akamnusa kidole kilichoshika wavu. Alikinusa kwa muda mrefu. Pengine kilikuwa bado na dizeli.

"Mzee wangu," Mama Mifupa alisema, "nikufiche au nikwambie?"

"Nimeuziwa magari mabovu ya kutosha. Niambie."

Akamwambia yote. Nyumba ya kwanza walikuwa wazee wawili, ya pili mwenye duka, ya tatu mwalimu. Wote watu wema. Wote walimrudisha akiwa mifupa. Na akamwambia la sindano, ingawa Msimamizi hakumtuma.

Msusi alishika kiuno. "Baba, tumekuja kutafuta mbwa au mgonjwa? Mgonjwa tunaye tayari, na anakataa dawa zake."

"Mimi nakataa dawa, yeye anakataa chakula. Tutaelewana."

"Mtazikana."

"Basi utapata nafasi ya kuweka viti vya wateja." Alimgeukia Mama Mifupa. "Dada, mlete. Nitakaa naye. Sina safari tena."

* * *

Pale kituoni kulikuwa na desturi, na aliyeianzisha alikuwa Mama Mifupa. Waliiita maini ya kuagana. Mbwa akipata nyumba, yeye ndiye aliyempeleka, na mkononi alibeba mkebe wa maini ya kuchemsha, kitu ambacho mbwa wa kituo hakukionja siku nyingine yoyote. Alipofika aliomba aonyeshwe kona ya ua iliyo mbali kabisa na lango. Huko aliyamimina maini. Mbwa akishainamisha kichwa, Mama Mifupa aliondoka kwa nyayo laini, lango likafungwa bila kulia, na mbwa alipoinua pua yake yeye alishapotea barabarani.

Hakukuwa na kuvutana kamba. Hakukuwa na mlio. Vituo vingine vilimfunga mbwa mnyororo na kumwacha akijinyonga kwa kupiga kelele, majirani wakichungulia madirishani. Kwao mambo yalikwenda kimya kabisa, na Msimamizi aliwasifia wageni jambo hilo. Mama Mifupa hakulifanya kwa ajili ya sifa. Alilianzisha kwa sababu mwanzoni mwa kazi ile aliwahi kusikia mbwa akimlilia, mara moja tu, na hakutaka kusikia tena.

Kwa hiyo alimpeleka Karani kwa Dereva na mkebe wake.

Ua ulikuwa mdogo, wa saruji, na ukuta mfupi. Upande mmoja kulikuwa na kibaraza ambapo msusi alisukia wateja wake, na siku hiyo alikuwa na mteja mmoja chini ya mikono yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama inashangaa. Dereva alitoa kiti, akapangusa kiti, akamwambia mbwa karibu mara nyingi kuliko alivyomwambia mgeni.

Mama Mifupa akaenda kona ya mbali. Akafungua mkebe.

Harufu ikatanda. Karani alisogea, akayatazama maini. Mate yalimchuruzika hadi sakafuni, uzi mrefu unaong'aa. Kisha akamtazama Mama Mifupa. Kisha akalitazama lango. Akayaacha maini palepale, akatembea hadi langoni, akalala mbele yake kwa upana, mgongo kwenye bati.

"Karani. Njoo, baba. Njoo ule."

Hakunyanyuka. Mama Mifupa alimletea bakuli la maini miguuni pake. Mbwa akageuza uso pembeni na kufumba macho, mate yakiendelea kumtoka kwenye pembe ya mdomo.

"Hana njaa?" Dereva aliuliza.

"Anayo. Mtazame."

Walimtazama. Mteja naye akajaribu kugeuka, msusi akamrudisha kichwa. Ndipo msusi aliposema, chanuo likiwa bado hewani:

"Anajua."

"Anajua nini, binti?"

"Kwamba akila, unaondoka."

Mama Mifupa alisimama na bakuli mkononi.

"Si ndiyo kawaida yenu? Umeuliza kona ya mbali, nikajua. Baba alikuwa anatufanyia hivyohivyo." Alilisema kama anayesimulia jambo la jirani, vidole vikiendelea na kazi. "Siku ya safari tulipikiwa vizuri. Mama anatupakulia, baba anakaa nasi, anatuchekesha, anasema nani atamaliza wa kwanza. Sisi tumeinama kwenye sahani tunashindana. Ukiinua kichwa, kiti kitupu. Lori limeshafika njia kuu. Na harudi mpaka tumesahau sura yake."

"Nilikuwa sitaki mlie," Dereva alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imetoka ndogo.

"Tulilia, baba. Ila wewe hukuwepo."

Mteja aliacha kugusa nywele zake.

"Kaka mpaka leo hali chakula mtu akisimama," msusi alimalizia. "Mkewe anadhani ni adabu."

Mama Mifupa aliketi kwenye saruji, hapohapo alipokuwa. Aliona wazee wawili, aliona duka, aliona nyumba ya mwalimu, na kila mahali aliona kona ya mbali na bakuli lake. Mara ya kwanza Karani alikula akaachwa. Mara ya pili alikula akaachwa. Mara ya tatu alikula kidogo, akiangalia nyuma, akaachwa. Wale watu walipomwekea chakula, naye akawa ameanza kuwazoea, angekulaje? Kila alipoinamisha kichwa mtu alipotea. Alivumilia njaa ili wasiondoke. Na kule kituoni alikula kwa sababu alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake, na wao wakasimama nje ya wavu wakicheka, karani kafunga ofisi.

Alichokiogopa zaidi hakikuwa hicho. Ni wale mbwa wengine aliokwisha kuwapeleka. Mwekundu mwenye sikio moja, majike wawili wa tumbo moja, yule mzee kipofu aliyependa kulala juu ya viatu vya watu. Wote waliinua vichwa. Wote walilia, na yeye alikuwa ameshakata kona, akishukuru kwamba mambo yamekwenda kimya.

"Dada," Dereva alisema, "sasa tunafanyaje?"

Aliyarudisha maini kwenye mkebe, kipande kwa kipande, akafunga mfuniko. Akaifuta mikono kwenye kanga. Akaenda langoni, akapiga magoti mbele ya Karani, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mimi naenda," alimwambia. "Unaniona. Naenda, na sirudi kukuchukua. Huyu mzee ndiye anayebaki. Umesikia? Mimi naenda."

Mbwa alimpima kwa macho. Mama Mifupa alimkabidhi Dereva kamba. Dereva akakaa chini, mgongo wake mbovu na yote, akaupitisha mkono wake mkubwa kifuani kwa mbwa. Mama Mifupa alifungua lango mbele ya macho yake, akatoka akitazamwa, akalifunga likalia kwa sauti yake yote ya bati.

Alikuwa amepiga hatua chache mlio ulipoanza.

Haukuwa kubweka. Ulianza chini, kama mlango mzito unaosukumwa, ukapanda, ukakatika, ukaanza tena. Kucha zilikwaruza bati. Alimsikia Dereva akisema, "Nipo, afande, nipo, nipo," na sauti ya mbwa ikipita juu ya sauti hiyo. Mama Mifupa alishika ukuta wa jirani. Miguu ilikuwa imegeuka tayari, miguu ilikuwa inarudi. Msusi alitokeza kichwa juu ya ukuta, akamwona, akampungia mkono kwa hasira: nenda! Machozi yalikuwa yanamtiririka msusi yule, na mkono haukuacha kumfukuza.

Akaenda. Alitembea taratibu, makusudi, ili asikie mpaka mwisho. Mwisho haukufika. Alifika njia kuu bado anasikia, na kelele za magari ndizo zilizomnyang'anya mlio ule.

* * *

"Amekula?" Msimamizi aliuliza kesho yake.

"Sijui."

Akauliza tena, na tena. Hajui. Dereva alimpigia simu mara moja tu kusema mbwa amekunywa maji, halafu akakaa kimya. Siku zikapita. Daktari alipokuja kituoni kuwachanja watoto wa mbwa, Mama Mifupa aliutazama mkoba wake wa sindano mpaka daktari akamuuliza kama anaumwa.

Wiki hiyo jike mmoja mweusi alipata nyumba. Msimamizi alimkuta Mama Mifupa anaondoka naye, mikono mitupu.

"Mkebe uko wapi?"

"Hakuna mkebe."

"Atalia huyo. Majirani watalalamika, jina la kituo litaharibika."

"Alie," Mama Mifupa alisema. "Nitasimama hapo nje nimsikie. Wewe ukitaka, twende wote."

Msimamizi hakwenda. Mama Mifupa aliporudi peke yake macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Simu ya Dereva ilimkuta sinkini, akiosha mabakuli, povu hadi kwenye viwiko. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Dada. Usiseme kitu kwanza, sikiliza." Dereva alikuwa ananong'ona, kwa lile koo lake lisilojua kunong'ona. "Nimekaa chini tangu asubuhi. Kila mlo nakaa chini, sahani yangu na yake. Mgongo unaniua. Nilimwambia leo, afande, nikinyanyuka kabla yako unikamate. Binti yangu naye amekaa, wateja wanasubiri. Sasa nasogeza simu. Sikiliza."

Palikuwa na mkwaruzo wa simu kuburutwa. Kisha akasikia. Ulimi, halafu meno. Kimya kidogo, alijua hapo amegeuka kutazama lango. Halafu meno tena, kwa pupa sasa, na bakuli likaanza kuteleza juu ya saruji, likigonga mguu wa mtu na kurudi.

Mama Mifupa alizima bomba ili maji yasimzuie kusikia.

"Unasikia?" Dereva alirudi, anacheka, au analia. "Anakula, dada! Ngoja nimwekee sikioni. Sema naye. Muite asikie sauti yako, ameikosa sana."

Simu ilisogezwa tena. Sasa pumzi za mbwa zilikuwa karibu kabisa, zenye joto, karibu alihisi unyevu wake shavuni. Jina lake lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimjua. Angelisema, Karani angeinua kichwa. Angezunguka ua mzima kumtafuta, angefika langoni, na bakuli lingebaki pale.

"Dada? Sema naye."

Aliuziba mdomo kwa kiganja chenye povu, sabuni ikamwingia machoni, akasikiliza. Alipomsikia Dereva akivuta pumzi ili aulize tena, akakata simu.